Mwendesha Baiskeli Asisahauliwe katika Barabara za Bonde la Ufa

Mwishoni mwa Novemba 2025 serikali ilizindua kazi ya kupanua barabara kuu itokayo Rironi, kupitia Naivasha na Nakuru, hadi Mau Summit, masafa ya kilomita 175, pamoja na ile ya chini ipitayo Mai Mahiu hadi Naivasha, yenye kilomita 58. Yamesemwa mengi kuhusu mradi huo. Wenye magari wameuliza juu ya ada watakayotozwa. Wenye matrela wamepiga hesabu ya saa watakazookoa. Wanasiasa nao wamevutana, kama ilivyo desturi yao. Lakini katika mijadala hiyo yote ni nadra kusikia akitajwa mtu ambaye barabara hizo ni njia yake ya kila siku, jua liwake au mvua inyeshe, naye ni mwendesha baiskeli. Leo twaomba ruhusa ya kumsemea, na twawaomba walimu na wanafunzi, ambao wengi wao hupanda baiskeli au huishi na wazipandao, watusikize.

Tuanze na nchi yenyewe. Mwanafunzi wa jiografia hukariri majina ya maziwa ya Bonde la Ufa apate kupita mtihani: Magadi, Naivasha, Elmenteita, Nakuru, Bogoria, Baringo, Turkana. Akishapita, aghalabu huyasahau. Mwendesha baiskeli hawezi kuyasahau kwa sababu ameyajua kwa misuli ya miguu yake. Anajua kwamba Ziwa Naivasha liko juu, mita 1,880 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwamba Ziwa Baringo liko chini sana, takriban mita 1,000, kwa kuwa upepo wa Naivasha humtia baridi asubuhi ilhali jua la Marigat humkausha koo kabla ya saa nne. Anajua pia kuwa baina ya ziwa na ziwa hakuna tambarare ya kudumu. Kuna mlima wa kupanda au ukuta wa bonde wa kuteremka, na mara nyingi vyote viwili katika siku moja. Nchi yenye milima na maziwa yaliyokaribiana namna hii, na barabara ya lami inayoyaunganisha, si nyingi duniani. Wageni wamekwisha kulitambua hilo na huja na baiskeli zao wakizipeleka mabondeni kwetu. Wenyeji ndio tunaozipita barabara hizo ndani ya matatu, tumelala.

Chukua barabara ya kale ya kuteremkia Mai Mahiu. Ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1942 mateka hao wakajenga kanisa dogo kando yake, ambalo lingali pale hadi leo. Mwanafunzi wa historia angepata mengi ya kuuliza akisimama mbele ya kanisa hilo. Mbele yake bonde limetandikwa kama mkeka, na Mlima Longonot, wenye mita 2,776, umesimama katikati. Hata hivyo, hatuwezi kumshauri mwanafunzi yeyote aiteremke barabara hiyo kwa baiskeli siku za kazi. Matrela huifuata kwa msururu usiokatika, na pembeni mwa lami hakuna mahali pa kukimbilia ila mtaro au genge.

Hapa inafaa tufanye hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Lori linakwenda kilomita 80 kwa saa. Mwendesha baiskeli mwenye mzigo anakwenda kilomita 15 kwa saa. Tofauti ya mwendo wao ni kilomita 65 kwa saa, yaani mita 18 kila sekunde. Ikiwa mwenye baiskeli atalisikia lori hilo likiwa mita 50 nyuma yake, ana muda usiotimia sekunde tatu wa kuamua la kufanya. Na la kufanya ni lipi? Akibaki kwenye lami, anategemea huruma ya dereva. Akitoka, anakuta lami imemeguka, na baina yake na changarawe pana kimo cha kiganja kizima. Gurudumu la mbele likianguka hapo, usukani humponyoka, naye huanguka, wakati mwingine kuelekea upande wa lori. Kila mwaka tangu 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Wapo kati yao waliokuwa wakiendesha baiskeli tu kwenda kibaruani.

Twende sasa Naivasha, mahali ambapo jambo hili laonekana waziwazi kuliko kwingine. Barabara ya Moi Kusini mwa Ziwa hupita mbele ya mashamba ya maua ambayo waridi zake hupelekwa Ulaya kwa ndege. Alfajiri, kabla mabasi ya mashamba hayajaanza kupiga honi, utaiona barabara hiyo imejaa baiskeli. Kuna mwanamume aliyempakia mkewe kwenye keria, wote wawili wakienda zamu moja. Kuna kijana aliyefunga mitungi ya maji ubavuni. Kuna muuza mkate, kuna mvuvi na samaki wake, kuna fundi aliyebeba ngazi ya mbao iliyo ndefu kuliko baiskeli yenyewe. Kutoka upande wa Kinangop hushuka wenye maziwa, na hapa twasema maziwa ya kunywa, si ya samaki, mitungi ikigongana kwa kila shimo. Baiskeli zenyewe nyingi ni zile nzito za chuma zisizo na gia, ambazo watu wetu wamezibatiza jina la nyoka mweusi. Mwenye baiskeli hiyo akifika penye mlima hushuka na kuisukuma, na anaposukuma huchukua nafasi pana zaidi ya barabara kuliko alipokuwa ameipanda. Mhandisi aliyechora barabara pasipo kumfikiria huyo anayesukuma hakuichora barabara ya Naivasha. Aliichora ya nchi nyingine.

Umbali mdogo kutoka barabarani hapo pana Mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka 1984, mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kuzunguka kwa baiskeli. Hukodishiwa baiskeli, akapita katikati ya majabali mekundu, huku pundamilia na twiga wakimtazama, na nyati wakilisha mbali kidogo. Mbele yake ataona mvuke wa Olkaria ukipanda, mvuke ambao tangu 1981 umekuwa ukitupatia umeme. Wengi hurudi kwao wakisimulia ujasiri wao wa kupita karibu na nyati. Safu hii haibezi furaha yao. Lakini twaona ni kinyume kikubwa cha mambo kwamba mgeni aendeshaye baiskeli kati ya nyati yuko salama kuliko mwenyeji aendeshaye baiskeli nje ya lango la mbuga hiyo hiyo, kati ya malori.

Yapo mapito mengine ambayo hayajapata sifa ya Naivasha, nayo yanastahili zaidi. Tunalolipenda kupita yote ni lile litokalo Marigat, karibu na Ziwa Baringo, likavuka milima ya Tugen hadi Kabarnet, likashuka Bonde la Kerio, kisha likapanda tena hadi Iten. Ni masafa ya kilomita mia moja hivi. Mtu akiangalia ramani bila ya kutazama mistari ya mwinuko atadhani ni safari ya kawaida. Na aende akaione.

Kutoka Marigat, penye joto na migunga na wauza asali kandokando ya njia, barabara hupanda kwa kilomita zipatazo 40 hadi Kabarnet, mji ulio mita 2,000 hivi juu ya bahari. Njiani hewa hubadilika mara tatu. Migunga huachia vichaka, vichaka huachia mahindi, mahindi huachia miti ya baridi. Ni katika milima hii ya Tugen ambapo mwaka 2000 watafiti walichimbua mabaki ya kiumbe waliyempa jina Orrorin tugenensis, aliyeishi miaka milioni sita hivi iliyopita, na ambaye wataalamu kadhaa wanaamini kwamba alitembea kwa miguu miwili. Mwendesha baiskeli anayehema katika kona hizo na apate faraja kwamba binadamu, au jamaa yake, amekuwa akipanda milima hiyo kwa muda mrefu.

Kabarnet ikishapitwa, barabara huporomoka. Hapo ndipo breki hujaribiwa. Asiyejua huzibana tangu juu hadi chini bila kuziachia, akafika katikati mpira wa breki umepata moto na kulainika, baiskeli haisimami tena. Ajuaye hubana kwa nguvu kabla ya kona, huachia ndani ya kona, na huipa breki nafasi ya kupoa. Chini kabisa kuna Mto Kerio, unaopita katika mlango mwembamba wa mawe uitwao Chebloch, mahali ambapo vijana wa huko hujirusha majini kutoka juu ya majabali huku wasafiri wakishika roho zao mikononi. Hapo mtu yuko zaidi ya mita 1,000 chini ya Iten, na Iten ndiko anakokwenda. Maembe na matikiti yauzwayo kando ya barabara ya bondeni ni chakula cha hekima, kwa sababu baada ya hapo kuna ukuta wa Elgeyo, kona baada ya kona kupitia Tambach, mpaka ufike langoni mwa Iten, mita 2,400 hivi juu ya bahari, ukilitazama bonde lote ulilolivuka.

Mwalimu wa hisabati akitaka kuwaeleza wanafunzi maana ya mwinuko wa asilimia 5, hana haja ya kuchora pembetatu ubaoni. Ni barabara inayopanda mita 50 katika kila kilomita moja. Na akitaka kueleza uwiano, aipindue baiskeli magurudumu juu. Kigurudumu cha mbele kikiwa na meno 48 na cha nyuma meno 16, mzunguko mmoja wa kanyagio hulizungusha gurudumu la nyuma mara tatu. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 litakuwa limekwenda mita 6.3. Kwenye tambarare hilo ni jambo jema, lakini katika ukuta wa Elgeyo ni adhabu. Baiskeli yenye gia hukuruhusu kuchagua meno yaliyo sawa mbele na nyuma, ukaenda mita 2.1 tu kwa kila mzunguko, polepole lakini bila kushuka. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Sijui ni kifaa gani cha kutendea kilicho rahisi kupatikana kijijini kuliko hiki.

Tusidanganyane kwamba pito hilo ni pepo. Sehemu kadhaa za Baringo na Bonde la Kerio zimesumbuliwa na wizi wa mifugo kwa miaka mingi, na mwaka 2023 serikali ilipeleka huko majeshi yasaidiane na polisi. Msafiri mwenye busara huuliza wenyeji kabla ya kuondoka. Aidha, maziwa yenyewe yamehama mipaka. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya Baringo, Bogoria, Nakuru na Naivasha yamekuwa yakipanda, na kufikia 2020 yalikuwa yamemeza hoteli, shule, zahanati na barabara. Barabara ya kando ya Ziwa Bogoria iendayo kwenye chemchemi za maji moto ilifunikwa. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya mtaa wa Kihoto, Naivasha, ambao wakazi wake walihamishwa na maji. Wapangaji wa barabara mpya wasisahau kwamba ramani walizorithi zilichorwa maziwa yakiwa yamelala mahali pengine.

Kuna watakaosema kuwa haya yote ni anasa, kwamba nchi yenye shida nyingi haina nafasi ya kufikiria baiskeli. Wenye kauli hiyo na watazame Rwanda. Nchi ile ni ya milima na maziwa kama Bonde letu, na ni ndogo kuliko baadhi ya kaunti zetu za kaskazini. Mashindano yao ya kuizunguka nchi yalianza mwaka 1988, na yamewapeleka waendeshaji hadi Musanze chini ya milima ya volkano na Rubavu kando ya Ziwa Kivu. Septemba 2025 mji wa Kigali ukaandaa mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zenye kupanda kwa jumla ya zaidi ya mita 5,400, na waliofika mwisho walikuwa 30 pekee. Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeshinda. Mwaka mmoja kabla yake, Biniam Girmay wa Eritrea, mwana wa nyanda za juu kama zetu, alikuwa ameshinda vipande vitatu vya Tour de France na kuivaa fulana ya kijani hadi Nice.

Nasi tulikuwa na wetu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Aliyemfunza kuendesha baiskeli ni David Kinjah, Mkenya, nyumbani kwake karibu na Kikuyu, juu kabisa ya ukuta huo wa Bonde la Ufa tunaousema. Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006 huko Melbourne. Mwaka 2008 akachukua leseni ya Uingereza, na Tour de France alizoshinda, za 2013, 2015, 2016 na 2017, zimeandikwa kwa jina la nchi hiyo. Hatumlaumu. Mcheza kwao hutunzwa, na asiyetunzwa huenda kucheza kwingine. Wapo waliobaki. Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa vijana wetu, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio huko Vermont, Marekani, akiwa katika jitihada za kuwafungulia wenzake wa Afrika Mashariki mlango. Msiba huo ulitangazwa duniani kote. Humu nchini, shule ngapi zililijua jina lake kabla ya siku hiyo?

Twauliza shule kwa sababu maalumu. Mwaka 1976 mmishonari kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, alifika katika shule ya St Patrick's, Iten, kufundisha jiografia. Hakuwa na mafunzo ya ukocha wa riadha. Aliwatazama wanafunzi wake, akajifunza kutoka kwao, akawafunza, na kutoka mikononi mwake akatoka msururu wa mabingwa ambao miongoni mwao ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Iten ya leo, yenye hoteli na wageni na viatu vya kila rangi, ina asili yake katika uamuzi wa mwalimu mmoja wa kutoka darasani jioni na kwenda uwanjani. Mwalimu mwingine, mwenye baiskeli sita kuukuu, fundi mmoja wa kijiji na barabara tulivu ya kaunti, ana vifaa vingi kuliko alivyokuwa navyo yeye siku ya kwanza.

Mzazi atasema: mwanangu atagongwa. Hofu hiyo ni ya haki, nasi hatuwezi kuipuuza baada ya kuandika tuliyoyaandika juu ya matrela. Kwa ajili hiyo hiyo twasema kwamba mazoezi na yaanze mbali na barabara kuu, katika njia za kaunti zizungukazo mashamba na viwanja vya shule, na kwamba wasichana wafunzwe pamoja na wavulana. Bado tuna vijiji ambako baiskeli ya nyumbani ni ya kaka, na dada hutembea kilomita sita kwenda shule huku baiskeli imeegeshwa ukutani.

Kwa Wizara ya Barabara na kwa mamlaka za barabara kuu, ombi letu ni fupi. Katika kila kilomita ya barabara hizo mbili za kwenda Naivasha na Mau Summit pawe na ukingo wa lami wa mita 1.5 au 2 kila upande, uliotenganishwa na magari kwa kizuizi penye mteremko mkali, usiokatika kwenye madaraja, na usiogeuzwa kituo cha matatu wala soko la viazi. Penye mashamba ya maua na penye shule, pawe na njia ya baiskeli kamili. Mwendesha baiskeli asitozwe ada yoyote kwa kupita. Kaunti za Nakuru, Baringo na Elgeyo Marakwet nazo zifanye hivyo hivyo katika barabara zao. Kaunti ya Nairobi ilijiandikia mwaka 2015 sera ya kutenga asilimia 20 ya fedha za uchukuzi kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Waliotaka kujua tofauti kati ya sera na lami wamekuwa na muda wa kutosha kuitazama.

Kwa walimu na wanafunzi wa shule zilizo kando ya barabara hizo, twawaombeni kazi moja muhula huu. Kaeni langoni siku tatu, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, mhesabu baiskeli zinazopita: ngapi zina mzigo, ngapi zimempakia mtu, ngapi zinasukumwa, na malori mangapi yamezipita. Andikeni hesabu hiyo kwenye karatasi, mwalimu mkuu aipige muhuri, ipelekwe kwa mhandisi wa barabara wa kaunti na nakala moja iletwe kwa mhariri wa gazeti hili.